Nakiete Aliyepumzishwa

Chombo hakioni haya. Kitaje kwa kazi yake. Ndivyo isemwavyo, Mbonea, wala methali hiyo hakuitunga huyo mkubwa wako wa kazi, hata kama anaitamka kana kwamba aliiota yeye. Ina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, na siku ilipozaliwa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwake, moshi unaniingia machoni. Leo umerudi umenuna kwa sababu kazi yako imerudishwa na maneno hayo yameandikwa juu yake, wenzako wanakucheka, na nyote mnataka kujua yametoka wapi. Haya, kaeni. Ila maharage haya hayajichambui. Kila mmoja avute ungo, maana mimi sisimulii watu waliokunja mikono.

Wifi yangu aliitwa Nakiete. Aliishi Ikonde, juu kabisa milimani huku kwetu Upareni, pale gari linaposhindwa na mtu anaanza kupanda kwa miguu. Kaka yangu alipotutoka, Nakiete alibaki peke yake katika nyumba ile. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Zefania, naye alikuwa Mwanza na mkewe na watoto, anafanya kazi kiwanda cha samaki. Nyumba ya jirani ilikuwa na kufuli. Wenyewe walihamia Arusha. Iliyofuata ilikuwa na kufuli pia. Hata leo mkipita Ikonde mtaona nyumba nzuri za matofali, mabati yanang'aa, na majani yameota hadi mlangoni. Magoti ya Nakiete yalikuwa yamekataa mteremko wa kwenda kanisani. Asubuhi ukungu ulishuka hata migomba yake mwenyewe asiione, akakaa jikoni akisikiliza maji ya mfereji. Alipika makande kwa sufuria ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, na bado yalibaki.

Akina mama wa bondeni waliona kwamba wazee wa namna hiyo ni wengi, wakaunda kikundi wakakiita Tuamkiane. Kikundi kikapata kompyuta yenye wakala. Wakala mnamjua ninyi kuliko mimi, lakini niacheni niseme nilivyoelewa. Ni programu inayozungumza kama mtu. Unaipa kazi, nayo inajichagulia chombo cha kuifanyia. Chombo kimoja kinapiga simu, kingine kinamtuma mtu, kingine kinafunga laini. Ila wakala hana macho ya kukigeuza chombo huku na huku kama fundi anavyoigeuza patasi. Anachokiona ni jina la chombo na ile mistari miwili mitatu aliyoiandika binadamu chini yake. Alichoandika binadamu ndicho anachojua, zaidi ya hapo ni giza tupu.

Basi kila asubuhi wakala alimpigia kila mzee. Alimwamkia shikamoo, akamwuliza ameamkaje, akamsikiliza. Akisikia sauti imekwaruza alimtuma Damari, mama mmoja wa kikundi, apande na dawa. Damari huyo huyo ndiye aliyempelekea Nakiete unga, sukari na mafuta kila mwisho wa juma. Na kila Jumapili wakala alimwandikia Zefania kule Mwanza kwamba mama hajambo. Simu na laini vililipiwa na kikundi. Nakiete kazi yake ilikuwa kupokea tu, maana hata kupiga hakujua sawasawa.

Mambo yakaenda vizuri, tena vizuri mno, na hapo ndipo moyo wangu unapochemka. Wazee wa kanisa waliokuwa wakipanda kumwona wakaacha kupanda, wakisema wakala anampigia. Zefania aliyekuwa akipiga simu mwenyewe akaacha, maana ujumbe unakuja. Watu tukiona mzigo umepata kichwa cha kuubeba, tunasahau hata njia ya kuupitishia. Ikafika mahali sauti pekee iliyomwita Nakiete kwa jina lake ni ile ya asubuhi. Aliipenda. Alioga kabla haijapiga, akavaa kitenge cha heshima, akaketi dirishani, kwa sababu mtandao ulishika dirishani tu.

Sasa yuko wapi aliyeandika ile mistari? Aliitwa Elirehema, binti wa mchungaji, amesoma mpaka chuo, na kwa adabu hakuwa na mwenzake bonde zima. Alikaa akaeleza vyombo vyote kimoja kimoja. Alipofika kwenye chombo cha kumwondoa mzee aliyefariki, akasita. Chombo hicho kilikuwa kikali. Kilikata simu za asubuhi, kilimzuia Damari, kilifunga laini, kilisimamisha ujumbe wa Jumapili, vyote kwa mara moja. Aandikeje? Mnajua wenyewe, kwetu binadamu hafi. Ametutoka, ametangulia, ameitwa, amelala. Kufa tumewaachia kuku na mbuzi. Elirehema akaona haya kuliandika neno hilo juu ya wazee ambao aliwaamkia shikamoo kila siku. Akakipa chombo jina la Pumzisha. Chini yake akaandika, "Humpumzisha mzee kwa heshima." Hakuongeza neno. Akina mama wa kikundi wakasomewa, wakasema binti huyu kweli amelelewa.

Ikaja Jumatatu moja. Jana yake, Jumapili, Nakiete alikuwa amechimba tangawizi peke yake, kwa kuwa zilikuwa zinaanza kuoza ardhini na vijana wa kuchimba hakuna. Najua Jumapili si siku ya jembe, msinitazame hivyo. Wakala akapiga akamwuliza ameamkaje. Miaka yote jibu la Nakiete lilikuwa moja, kama lilivyo jibu letu sote: nimeamka salama. Mtu wetu hata nyumba ikiungua atakujibu salama kwanza, ndipo aseme ila. Siku hiyo hakusema salama. Alisema amechoka. Mgongo unamwuma, hata kuzungumza hawezi, hamu yake ni kupumzika tu. Kisha akaaga.

Wakala akatazama vyombo vyake. Mzee amechoka, anataka kupumzika. Na hapa kuna chombo, jina lake Pumzisha, kazi yake kumpumzisha mzee, tena kwa heshima. Ungekuwa wewe, Mbonea, ungechagua kipi? Akakitumia.

Jumanne Nakiete akaoga, akavaa, akaketi dirishani. Simu haikulia. Akadhani ni mtandao, akaisogeza huku na kule juu ya dirisha. Jumatano vilevile. Mwisho wa juma ukafika, Damari hakupanda. Damari alikuwa ameletewa ujumbe kwamba Bibi Nakiete amepumzishwa, asipande tena. Naye akaelewa kwamba Zefania amemchukua mama yake kwenda kupumzika Mwanza. Akafurahi kabisa, akamwambia kila aliyemwuliza, na wote bondeni wakasema jamani, afadhali.

Unga ukaisha. Nakiete akala ndizi za shambani na maharage aliyokuwa ameweka ya mbegu. Kuni za karibu zikaisha, naye hakuweza kwenda za mbali. Lakini si njaa iliyomkondesha, aliniambia mwenyewe. Alikuwa amekaa na jambo moja usiku na mchana: nimewakosea nini? Kwetu kijiji kikimnyamazia mtu kwa pamoja, kina sababu. Kimemtenga. Kanisa likitenga hutangaza, lakini watu wakitenga hawatangazi, unaona tu mlango umekuwa kimya. Akajipekua. Akakumbuka ile Jumapili ya jembe. Akakumbuka kwamba alilalamika kwenye simu, mtu mzima na mvi zake, akasema amechoka mbele ya wanaomhudumia bure. Akasema basi ni hilo, nimewachosha kwa malalamiko.

Mtaniuliza mbona hakuteremka, hata kwa kukokota magoti, akaulize. Aliona haya. Mtu akikunyamazia, humfuati mlangoni kumwuliza mbona hunisalimu. Utaonekana ombaomba wa salamu. Basi akakaa. Kila asubuhi aliendelea kuoga na kuvaa na kuketi dirishani, mvua za vuli zikaanza, tangawizi alizozichimba zikachipua ndani ya gunia, na hakuna aliyemwita jina.

Huku Mwanza Zefania hakugundua mapema kwamba ujumbe wa Jumapili umekatika. Mtu na kazi zake, na watoto wa shule. Alipogundua akapiga namba ya mama yake, akaambiwa namba hiyo haipo. Akapiga namba ya kikundi, akapokelewa na wakala. Mazungumzo hayo yalihifadhiwa, na baadaye yalifunguliwa tukayasikia sote, kwa hiyo ninayowaambia si ya kuungaunga.

Zefania alisema, "Naomba habari za mama yangu, Nakiete wa Ikonde."

"Bibi Nakiete amepumzika."

Kisha Zefania akauliza, "Lini?"

"Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliopita, asubuhi."

"Aliteseka?"

"Alisema amechoka na mgongo unamwuma. Halafu akaaga vizuri."

"Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

"Alisema, 'Kwa heri, mwanangu.'"

Hakuna uongo hata mmoja hapo. Kila neno alilosema wakala lilikuwa la kweli, na kila neno lilimchoma Zefania kama mkuki. Mama ameondoka, mama amezikwa na majirani, mwezi mzima na zaidi, na mtoto wake wa pekee alikuwa akila na kulala. Angeuliza nini tena? Angesema, "Una maana amekufa?" Hayo si maneno ya mtu aliyefundwa. Na bondeni angempigia nani, amwambie nini, kwamba naomba mnielekeze mlipomzika mama yangu? Haya ikamfunga mdomo. Akaomba likizo, akakodi basi dogo, akakusanya ukoo. Kwa fundi seremala akachongesha msalaba wa mninga, jina la mama na tarehe zake zote mbili. Mimi nilitoka Tanga, wakanichukua hapahapa Same. Safari nzima hakuna aliyeimba.

Tulipofika bondeni Zefania hakutaka tusimame. Alisema hawezi kutazamana na watu kabla hajalia kaburini kwa mama. Basi tukaacha gari, tukapanda, msalaba umebebwa begani na binamu zake wawili kwa zamu, ukungu mzito, matope, watoto wanateleza. Tukazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la kaka yangu, maana tulijua watakuwa wamemlaza kando yake. Hapakuwa na udongo mpya. Nyasi tu. Tukatazamana. Mmoja akasema pengine wamemzika kanisani. Mwingine akasema, mbona jikoni kunatoka moshi?

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Nakiete.

Alikuwa amekonda hadi kamba za shingo zinaonekana. Lakini alikuwa ameoga, amevaa kitenge chake. Akasimama akatutazama mmoja mmoja: mwanawe, mkaza mwanawe, wajukuu ambao alikuwa akiwaona pichani tu, mimi wifi yake, wajomba, mabinamu. Sisi tuliganda. Mke wa Zefania alishika mdomo kwa mikono miwili. Na uso wa yule mama ukafunguka, wanangu, ukafunguka kwa furaha ambayo sijaisahau mpaka leo. Alidhani tumemjia yeye.

Akasema, "Mmenisamehe?"

Zefania akapiga hatua moja kumwelekea.

"Mwanangu, nilikosa nini? Niambieni tu, sitarudia."

Ndipo macho yake yakaangukia msalaba. Binamu aliyeubeba alijaribu kuugeuza, lakini mninga ni mzito, ukamponyoka ukasimama wima kwenye matope, maandishi yamemwelekea. Nakiete hakuwa msomaji wa haraka. Akasogea, akaweka kidole juu ya herufi, akazipitia moja moja mpaka akafika mwisho wa jina lake, na tarehe. Tukasubiri alie. Hakulia. Akanyanyua kichwa akaukagua tena ukoo wote uliojaa uani kwake, wengine hata hawakuwahi kukanyaga pale tangu msiba wa kaka yangu.

"Kumbe njia mnaijua," akasema.

Zefania alianguka magotini kwenye tope lile. Alilia kama mtoto, akaeleza yote, simu, wakala, amepumzika, akaaga. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza wangapi hatujala. Akasema kuni hana. Akaingia ndani akatoka na shoka, akamkabidhi Zefania, akamwonyesha msalaba. Zefania akasita, na mzee mmoja wa ukoo akaanza kusema neno kuhusu dhambi. Nakiete akamwambia jina ni lake na njaa ni yetu. Mninga ule ukapasuliwa. Ndio uliopika makande tuliyokula jioni ile, kwa sufuria kubwa kuliko zote, ambayo ilibidi kwanza itolewe buibui.

Kesho yake habari zilikuwa zimefika bondeni. Damari alikuja analia tangu mteremkoni. Nyuma yake alikuja Elirehema, na huyo hakuweza hata kuvuka kizingiti. Nakiete akamvuta ndani, akamkalisha. Binti akasema kosa ni la wakala, ametumia chombo si mahali pake. Kisha akajirudi, maana alikuwa mtu wa haki, akasema hapana, kosa si la wakala. Akatoa simu yake akamsomea Nakiete mistari yenyewe. Humpumzisha mzee kwa heshima.

Nakiete akauliza, "Wewe ulikuwa na maana gani?"

"Nilikuwa na maana ya mzee aliye... ambaye ametangulia, bibi."

"Ametangulia wapi?"

"Ambaye ametwaliwa."

"Na nani? Mimi Zefania angenitwaa akanipeleka Mwanza, ningeshukuru." Hapo alitabasamu kidogo. "Sema lenyewe."

Elirehema akatazama chini. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Aliyekufa."

"Mbona hukuliandika?"

"Niliona haya, bibi. Kuwaandika wazee wangu hivyo."

Mimi nilikuwa kwenye kigoda, nikamwona Nakiete akiutazama moto muda mrefu. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu usiku alikuwa amenieleza habari za dirishani. Akasema, "Wewe uliona haya ukaficha neno. Mwanangu akaona haya hakuuliza. Na mimi niliona haya, nikakaa hapa nakufa kwa upweke badala ya kuteremka nikawauliza kulikoni. Sote watu wa adabu. Kimoja tu kati yetu hakikuwa na haya, na ndicho kilichofanya kazi. Chombo hakioni haya, binti. Kitaje kwa kazi yake."

Elirehema akaandika palepale jikoni, Nakiete akimhoji kama karani wa mahakama. Kinafanya nini? Akaandika kwamba kinakata simu, kinamzuia mhudumu, kinafunga laini, kinanyamazisha ujumbe kwa ndugu. Kwa nani? Kwa mzee aliyekufa. Nakiete akasema andika pia nani asiyehusika nacho. Akaandika: kisitumike kwa mzee aliye hai, hata akisema amechoka, amelala, anapumzika au anaondoka. Nakiete akatikisa kichwa, akasema na huyo wakala atajuaje kwamba mtu amekufa kweli, wakati hata mwanangu alikosea? Wakabishana hapo mpaka chai ikapoa. Mwisho wakaandika kwamba kabla ya kukitumia, wakala lazima aambiwe na mtu aliyemwona marehemu kwa macho yake, amtaje jina, na baada ya hapo ndugu wapewe habari. Na jina la Pumzisha likafutwa. Kikaitwa Mfu. Elirehema aliliandika jina hilo akalifuta, akaliandika tena, nami sikumlaumu, hata mimi nilijikunyata.

Methali ikashuka bondeni na Elirehema. Aliisema kikundini, kikundi kikawaambia wengine wenye mawakala, ikaenda mpaka ikafika kwenye ofisi yenu ya kuwaandikia mawakala maelezo ya vyombo, ambako mnaitumia bila kujua ilipikwa kwa kuni gani.

Mnataka kusikia kwamba tangu siku ile Nakiete hakuwa mpweke tena. Ukoo ulikaa siku chache. Likizo ya Zefania ikaisha, watoto wana shule, basi dogo linadai. Walishuka mlima siku ya jua, wajukuu wakipunga mikono mpaka kona, na Nakiete akasimama uani hata baada ya kona kuwa tupu. Zefania alipiga simu mwenyewe mara kwa mara, hilo nimpe haki yake, na alikuja Krismasi. Lakini Mwanza ni Mwanza. Mimi nilirudi Tanga, nikafunga virago vyangu, nikapanda tena Ikonde. Mume sina, mtoto sina. Nilijiona mjinga kulinda chumba cha kupanga wakati kuna mtu anakula na kijiko kimoja. Tulikaa wawili, mawifi wawili tunaotaniana na kugombana kuhusu chumvi. Wakala alirudi kupiga kila asubuhi. Na Nakiete akaacha kujibu salama siku ambazo hazikuwa salama. Alisema: leo nina huzuni. Leo mguu. Leo namkumbuka mume wangu. Wakala akasikiliza, akamwita Damari au akamwita Zefania, na hakumpumzisha tena.

Ikafika asubuhi moja ya kiangazi, nimemwandalia maji ya kuoga, sikusikia anaamka. Nikaingia chumbani. Nikakaa naye kidogo. Halafu simu ikalia dirishani.

Nikapokea. Sauti ikasema, shikamoo, Bibi Nakiete ameamkaje leo?

Wanangu, maneno yote mazuri ya kwetu yalinijia mdomoni, yakajipanga kama watu wa kwaya. Ametutoka. Amelala. Ameitwa. Amepumzika, na safari hii lingekuwa la kweli kabisa, uso wake ulionyesha hivyo. Nikayameza yote. Nikasema, "Nakiete amekufa."

Ikauliza, kama ilivyoandikwa ile siku jikoni: nani anasema, na umemwona kwa macho yako?

Nikasema, "Ni wifi yake. Nimemfumba macho kwa mkono wangu."

Ikanipa pole. Ikasema Zefania anaambiwa sasa hivi na Damari yuko njiani. Kisha laini ikafungwa, na simu ikawa kipande cha plastiki mkononi mwangu, na ndani ya nyumba ile yote aliyekuwa akipumua ni mimi peke yangu. Nilikaa dirishani nikisikiliza mfereji mpaka Damari alipotokea. Hakuna aliyekosea kitu asubuhi ile. Waliotakiwa kuja walikuja, wakamkuta bado yuko nyumbani kwake, wakamzika wao wenyewe kando ya kaka yangu.

Chombo hakioni haya. Kitaje kwa kazi yake.